Watazamaji Wetu Walikuwa Nje ya Geti

Nilipokabidhiwa kuendesha chaneli ya televisheni ya chuo kikuu, kitu cha kwanza nilichopewa hakikuwa kamera wala ufunguo wa studio. Lilikuwa faili la mkataba kati ya mji na kampuni ya kebo: kurasa nyingi za lugha ya wanasheria, na katikati yake aya chache zilizotuhusu sisi. Aliyenitangulia alinishauri nizisome kabla sijagusa mtambo wowote. Nilizisoma, na humo nikakuta jambo ambalo wakubwa wengi wa chuo hawakulijua, au walilijua wakalisahau: chaneli haikuwa mali ya chuo.

Hii ilikuwa Marekani, na televisheni ya kebo kule ina historia yake. Ilianza mwishoni mwa miaka ya 1940 katika miji iliyozibwa na milima, Pennsylvania na Oregon zikiwa miongoni mwa majimbo ya mwanzo, ambako mawimbi ya vituo vya mbali hayakufika vizuri. Watu walisimika antena moja kubwa mahali palipoinuka, kisha wakateremsha waya hadi majumbani. Waya hauwezi kupita kando ya barabara za umma bila ruhusa ya mji, na mji unaotoa ruhusa una haki ya kudai kitu. Mwaka 1972 tume ya mawasiliano ya serikali kuu, FCC, ilitaka mifumo ya kebo ya miji mikubwa itenge chaneli kwa ajili ya umma, elimu na serikali za mitaa. Mahakama ya Juu ilitengua kanuni za namna hiyo mwaka 1979. Sheria ya 1984 ikaja na njia nyingine: serikali ya mtaa iliruhusiwa kudai chaneli hizo ndani ya mkataba wake na kampuni, na kampuni ikazuiwa kuingilia maudhui yake, isipokuwa mambo kama picha chafu. Mji wetu ulidai, na chaneli ya elimu ikakabidhiwa chuo.

Ukilishika hilo, maswali mengi ya kila siku hupungua makali. Ofisi ya mawasiliano ikitaka chaneli nzima iwe tangazo la kuvutia waombaji wapya, unajua la kujibu. Mhadhiri akiuliza kwa nini ahangaike kuwaeleza mambo watu ambao hawasomi kozi yake, unajua la kujibu. Nafasi ile ilitolewa kwa ajili ya watu wa mji, chuo ni mwangalizi tu. Karibu kila ugomvi niliouona katika kazi ile ulitokana na dhana kwamba mtazamaji wetu ni mwanafunzi aliyekaa bwenini. Mwanafunzi wa bwenini hakuwa akitutazama. Alikuwa na mambo yake.

Wiki ina saa 168, na chaneli haifungi. Watu husahau hesabu hiyo. Wakiwaza televisheni wanawaza kupiga picha: kamera, taa, mtangazaji aliyevaa vizuri. Kupiga picha ndiyo sehemu nyepesi. Chuo chenye wafanyakazi wachache na kundi la wanafunzi wasaidizi, hata kikijikaza, hutoa saa chache tu za vipindi vipya kwa wiki, na ratiba ni kinu kinachosaga usiku na mchana: usipotia nafaka, mawe yanasagana yenyewe. Chaneli nyingi za vyuo hukwepa tatizo kwa kuweka slaidi za matangazo ya chuo zinazozunguka, na muziki laini nyuma yake. Mtu akipita hapo mara mbili akakuta slaidi zilezile, hatapita mara ya tatu.

Kulikuwa na vyanzo vya kutuokoa. NASA ilikuwa na chaneli yake iliyorushwa kwa setilaiti bila malipo, na vituo kama chetu viliweza kuichukua. Siku chombo kinaporuka angani ilikuwa bora kuliko chochote ambacho tungetengeneza wenyewe. Classic Arts Showcase, iliyoanza 1994, ilitoa vipande vya opera, baleti, muziki wa kale na filamu za zamani, bila matangazo ya biashara na bila kututoza kitu. SCOLA ilikusanya taarifa za habari za televisheni kutoka nchi nyingi katika lugha zake zenyewe, na walimu wa lugha waliishikilia kama dhahabu. Vyanzo hivi ni vizuri, lakini vina utelezi. Wiki yenye kazi nyingi unavipa saa sita, wiki inayofuata unavipa kumi, na kabla hujatambua umekuwa bomba la kupitishia kazi za wengine. Kwa hiyo tulijiwekea mpaka: saa ambazo watu wengi wako macho na wako nyumbani, kinachorushwa ni cha kwetu, hata kama ni marudio.

Marudio. Hapa ndipo nilipotumia pumzi nyingi kuliko mahali pengine popote. “Mnarudiarudia mno” lilikuwa lalamiko la kila kikao, na lilitoka kwa watu wa ndani ya chuo, kamwe si kwa watazamaji. Tuliigawa siku katika vipande vitatu vya saa nane. Kilichorushwa asubuhi kilirudi jioni, kikarudi tena usiku wa manane. Muuguzi anayetoka zamu ya usiku, dereva anayeanza kazi alfajiri, mama anayepata nafasi ya kukaa mchana tu watoto wakiwa shule, wote hawa walikuwa na saa yao. Kipindi kirushwe mara moja tu, halafu utarajie mji mzima ukione? Hata redio hazifanyi hivyo. Tofauti ni kati ya kurudia kwa mpango na kurudia kwa sababu hakuna aliyekumbuka kubadilisha. Mtazamaji huitambua haraka sana.

Tena, kipindi kianze saa kamili au nusu saa kamili. Jina la kipindi mtu husahau, saa haisahau. Tatizo ni kwamba chuo hakiishi kwa saa kamili. Darasa ni la dakika 50, au 75, na mgeni mashuhuri huzungumza hadi achoke. Tukalazimika kuwa na ghala la vipande vifupi vya kuziba mapengo: mtaalamu wa wadudu akimwelezea mdudu mmoja kwa dakika nne, mhandisi akieleza kwa nini daraja hutikisika, mpiga fidla wa idara ya muziki akicheza kipande kifupi. Vilitengenezwa kama viraka. Baada ya muda vikawa ndivyo vinavyoulizwa zaidi, jambo ambalo liliwaudhi kidogo wahadhiri wa vipindi virefu.

Kuna jambo la kiufundi ambalo lingefaa kubandikwa mlangoni mwa kila studio: skrini iliyo mbele yako inaonyesha unachotuma, haionyeshi kinachofika. Kati ya chuo na sebule ya mtu kuna mkongo hadi kituo kikuu cha kampuni ya kebo, mitambo ya kampuni, nyaya za mtaani na king'amuzi. Tuliwahi kutuma sauti safi kabisa huku mjini watu wakisikia upande mmoja tu. Ndani ya studio kila kitu kilikuwa sawa, hivyo hakuna aliyejua. Dawa yake ilikuwa televisheni ya kawaida, iliyounganishwa na kebo ya kawaida kama ya mteja yeyote, na tuliiweka chumba cha walinzi wa chuo. Walinzi walikuwa macho saa 24. Seva ikigoma Jumamosi usiku na skrini ikawa nyeusi, walituita. Kabla ya hapo chaneli ingeweza kuwa nyeusi hadi Jumatatu asubuhi. Baadaye tulinunua kifaa cha kutoa tahadhari chenyewe, lakini walinzi waliendelea kuwa bora, kwa sababu kifaa kilijua kama picha ipo, wao walijua kama picha ni ya kipindi kinachotakiwa. Mmoja wao alizoea mno mihadhara ya historia hata akaanza kutupigia kupendekeza mpangilio.

Huyo mlinzi alikuwa mtazamaji wa kweli wa chaneli yetu, na sikuwa na njia nyingi za kuwajua wenzake. Chaneli ndogo kama zile hazimo katika vipimo vya watazamaji ambavyo vituo vya biashara hununua. Tulijua tunatazamwa pale tu kitu kilipoharibika. Mhadhara wa astronomia ukikatika katikati, simu ya ofisi ilianza kulia, na sauti za upande wa pili zilikuwa za wazee waliostaafu, watu waliolazwa majumbani, wahamiaji waliotumia mihadhara kujizoeza Kiingereza cha polepole chenye maneno kamili. Barua zilikuwa chache lakini nzito. Kutoka gereza moja, ambako kebo ilifika ukumbini, mfungwa aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa kumaliza sekondari aliomba karatasi za maswali za kipindi cha aljebra. Mwalimu wa aljebra alizituma, na tangu siku hiyo akaanza kila kipindi kwa kusoma maswali ubaoni mara mbili, taratibu, ili mtu asiye na karatasi aweze kuyanakili. Kipindi hicho tulikipa saa 1 usiku, Jumatatu hadi Alhamisi, na sikumruhusu mtu akihamishe.

Wala hatukuwa wa kwanza kuona kwamba wanaotazama si wale waliokusudiwa. Mwaka 1957 kituo cha CBS cha New York kilishirikiana na Chuo Kikuu cha New York kurusha kozi ya fasihi saa 12:30 asubuhi, saa ambayo hakuna aliyedhani ina watazamaji. Riwaya ya Kifaransa iliyotangulia katika kozi hiyo ikaisha kwenye maduka ya vitabu ya jiji. Waliolipa ili wapate alama walikuwa sehemu ndogo sana ya waliokuwa wakitazama. Kipindi kikaendelea, kikapanda mtandao mzima wa CBS, na hakikufungwa hadi 1982. Uingereza nako, Open University ilianza kurusha masomo yake kupitia BBC Januari 1971, mengi yake alfajiri au usiku sana, hadi Desemba 2006. Watu chungu nzima waliyafuata bila kujisajili popote. Nilizitumia habari hizi katika vikao vya bajeti kila nilipoulizwa idadi ya wanafunzi waliosajiliwa kupitia chaneli. Sijui kama ziliwashawishi, ila ziliwanyamazisha.

Sasa mhadhara wenyewe. Mhadhara unaowaka darasani unaweza kuzima kabisa kwenye skrini, na sababu mara nyingi ni ndogondogo. Mhadhiri anasema “hapa” na “hiki” akimulika kwa taa ya mkononi ambayo kamera haiioni. Anajibu swali ambalo mtazamaji hakulisikia kwa kuwa mwanafunzi aliyeuliza hakuwa na maiki. Anatangaza kwamba wiki ijayo kuna jaribio, na kipindi kinarushwa miezi minane baadaye. Slaidi yake ina aya nzima kwa herufi za kitabu. Televisheni ya analogia ya Marekani ilikuwa na mistari 525, kama 480 hivi ikionekana, na televisheni za nyumbani zilikata kingo za picha. Herufi ndogo ziligeuka vumbi, na rangi nyekundu iliyokolea ilivuja nje ya mipaka yake. Hata baada ya picha za ubora wa juu kuwa za kawaida, kampuni nyingi za kebo ziliendelea kuzibeba chaneli za jamii kwa ubora wa zamani, kwa hiyo hatukuweza kulegeza kanuni ya herufi kubwa.

Kila muhula ulipokaribia nilikaa na kila mhadhiri kwa muda, slaidi zake zikiwa mezani. Sikuwahi kumwambia afundishe vipi. Nilimwomba mambo manne: arudie swali kabla ya kulijibu, aseme “mstari wa pili kutoka juu” badala ya “huu”, asitaje tarehe, na akubali slaidi zake zipunguzwe maneno. Wengi walikubali, na kuna waliokuja kusema kwamba hata darasa la kawaida liliwanufaisha zaidi. Aliyekuwa mgumu kuliko wote alikuwa mtu wa uchumi mwenye grafu zenye mistari saba. Tuliziacha saba, tukazionyesha mmojammoja.

Jambo moja nililipigania: mhadhiri asitolewe darasani. Baadhi ya watu wa mitambo walipenda kumleta studio, peke yake, mbele ya pazia safi, kwa sababu sauti inadhibitika na taa zinakaa zilipowekwa. Matokeo yake ni mtu anayesoma. Mwalimu hula uhai wake kutoka nyuso zilizo mbele yake: anaona paji lililokunjamana, anarudi nyuma, anatafuta mfano mwingine. Mtazamaji wa nyumbani naye ana paji lililokunjamana, na mfano ule wa pili unamfaa yeye pia. Bora kelele kidogo za viti kuliko ukimya wa studio.

Ila kelele za viti si ruhusa ya sauti mbaya. Picha ikitetereka mtu huvumilia. Sauti ikikwaruza anabadili chaneli kabla hajajua kwa nini. Maiki ya kifuani iliyogusana na mkufu au skafu imeharibu mihadhara mingi mizuri kuliko kamera zote mbovu. Na sauti isipande na kushuka kati ya kipindi na kipindi. Sheria ya 2010 kuhusu ukubwa wa sauti kule ililenga matangazo ya biashara, ambayo sisi hatukuwa nayo, lakini tulikichukua kipimo chake cha −24 LKFS (LKFS ni kizio cha ukubwa wa sauti) tukakitumia kwa kila kitu kilichoingia kwenye seva. Mzee anayelazimika kushika rimoti kila baada ya nusu saa hatakaa nawe hadi saa nne.

Ningeulizwa ni nini kilichokula muda wangu kuliko vyote, si ratiba wala mitambo. Ni hakimiliki. Sheria ya Marekani inamruhusu mwalimu kuonyesha filamu nzima darasani, ana kwa ana na wanafunzi wake. Sheria ya 2002 ikapanua ruhusa hiyo, kwa masharti, hadi masomo yanayorushwa kwa mitambo, lakini kwa wanafunzi waliosajiliwa katika kozi hiyo tu. Chaneli ya kebo inaonekana na mji mzima. Kwa hiyo mhadhara uleule, wa mhadhiri yuleyule, ulikuwa halali kabisa ndani ya kuta nne na una mushkeli mara tu ukigusa waya. Mhadhiri wa filamu alinitazama kana kwamba nimetunga sheria hiyo mwenyewe. Ipo kinga ya matumizi ya haki, ambayo hulinda kipande kifupi kinachojadiliwa na kuchambuliwa, na tuliitumia. Lakini ni kinga ya kubishaniwa, si ufunguo, na ofisi ya sheria ya chuo hupenda ufunguo.

Tulijifunza kuzuia badala ya kutibu. Picha zilizopigwa na watumishi wa serikali kuu ya Marekani wakiwa kazini hazina hakimiliki nchini humo, kwa hiyo mwezi, mito, vimbunga na ramani tulivipata bila shida. Michoro ya vitabu vya kiada ilichorwa upya na wanafunzi wa sanaa, waliopata jina lao mwishoni mwa kipindi. Muziki uliokuwa ukichezwa ukumbini kabla ya mgeni kupanda jukwaani tuliukata. Simu iliyolia kwa wimbo maarufu katikati ya hotuba, tuliukata pia, na kicheko kilichofuata kikabaki bila sababu.

Fomu ya ridhaa ya mgeni isainiwe kabla hajazungumza. Baada ya makofi anapeana mikono, anapiga picha, halafu yuko kwenye gari kuelekea uwanja wa ndege, na sahihi yake utaitafuta kwa miezi. Na fomu iseme wazi itakachoruhusu. Tulirithi rafu za kanda za miaka ya nyuma, mihadhara ya watu wakubwa katika fani zao, ambazo fomu zake zilitaja kebo peke yake. Intaneti ilipokuja, kanda zile hazikuweza kwenda kokote. Wengine walikwisha kufariki, na warithi hawakujulikana. Zinaweza kurushwa usiku wa manane kwenye chaneli moja ya mji mmoja hadi mwisho wa dunia, na hapo ndipo mipaka yake ilipo.

Wanafunzi nao wana haki zao. Sheria ya faragha ya kumbukumbu za elimu ya 1974 inafanya chuo kiwe makini na chochote kinachomtambulisha mwanafunzi, na tukaona heri tusingoje kubishana. Kamera zilikaa nyuma yao, viti vya upande mmoja vikawekwa nje ya picha kabisa, na aliyekaa huko hakuulizwa sababu.

Maandishi ya skrini kwa ajili ya viziwi yanastahili aya yake. Kufikia 2006 kanuni za FCC, zilizotokana na sheria ya 1996, zilitaka vipindi vipya vya Kiingereza viwe na maandishi, lakini chaneli zenye mapato chini ya dola milioni 3 kwa mwaka zilisamehewa, na chaneli za vyuo hazina mapato ya kutajwa. Wengi walitulia hapo. Walisahau kwamba chuo chenyewe kinabanwa na sheria nyingine za watu wenye ulemavu, ya 1973 na ya 1990. Februari 2015 chama cha kitaifa cha viziwi cha Marekani kilivishtaki Harvard na MIT kwa video zisizo na maandishi, au zenye maandishi yasiyoeleweka, na kesi zote mbili ziliishia katika makubaliano. Machi 2017 chuo cha Berkeley, baada ya wizara ya sheria kubaini kasoro za namna hiyo, kiliziondoa hadharani rekodi zaidi ya 20,000 za mihadhara badala ya kuzirekebisha. Naelewa hesabu waliyoipiga. Bado naiona kuwa njia mbaya: kiziwi hakupata kitu, na aliyekuwa akisikia akanyang'anywa. Sisi tuliyaweka maandishi kwenye bajeti ya kipindi tangu mwanzo, na mhadhiri alitupa orodha ya majina na istilahi kabla, kwa maana mwandishi asiyejua kemia ataandika kitu cha kuchekesha. Waliotushukuru zaidi, tena sikulitarajia, walikuwa wahamiaji, na watu wa vyumba vya kusubiria hospitalini ambako televisheni huwa haina sauti.

Fedha nitazigusa haraka, maana kila anayeendesha kitu cha umma anaijua hadithi hiyo. Kule ada ambayo mji hutoza kampuni ya kebo ina ukomo wa asilimia 5 ya mapato ya huduma hiyo, na fedha za ziada zinazotolewa kwa ajili ya chaneli za jamii ni za vifaa na majengo. Huwezi kumlipa mtu mshahara nazo. Ndiyo maana utakuta chaneli zenye kamera tatu mpya kabatini na hakuna wa kuzishika. Wa kuzishika kwetu walikuwa wanafunzi, ambao huhitimu pale tu wanapoiva. Kila mtambo ulikuwa na karatasi moja iliyobandikwa, ya hatua kwa hatua, iliyoandikwa na mwanafunzi anayeondoka kwa ajili ya anayekuja. Ziliandikwa vizuri kuliko vitabu vya watengenezaji.

Halafu intaneti. Kampasi za Chuo Kikuu cha California ziliungana kuanzisha chaneli yao, UCTV, Januari 2000, YouTube ikaja 2005, na ghafla kila kikao kikauliza chaneli ya kebo inabaki ya nini. Swali lilikuwa la haki. Watu walikuwa wakikata kebo, na kampuni ziliihamishia chaneli ya aina yetu kwenye namba za juu kabisa, ambako hufiki kwa kubahatisha. Tukaanza kuweka mihadhara mtandaoni, na huko watazamaji wa mhadhara mmoja wa takwimu waliweza kuzidi wa wiki nzima ya kebo. Lakini walikuwa watu wa namna nyingine. Anayetafuta takwimu mtandaoni anajua kuna kitu kinaitwa takwimu, anajua anakitaka, na ataondoka dakika ya saba akishapata jibu la swali lake. Mtu wa kebo alikuwa amekaa, na kilichofuata kikamfuata. Alitazama jiolojia kwa sababu ilikuja baada ya historia. Hakuna aliyeitafuta jiolojia, na simu za jiolojia hazikuisha.

Niliendelea kutetea vyote viwili, mtandao kwa anayejua anachotaka na ratiba kwa asiyejua bado. Wiki zangu za mwisho kazini, mkuu wa idara moja alikuja kuomba saa 1 usiku, siku nne mfululizo, kwa ajili ya hafla ya wahitimu wake wa zamani. Hafla ilikuwa nzuri, imepigwa picha vizuri, na yeye alikuwa mtu mwenye sauti chuoni. Nikampa saa 3. Akaniuliza saa 1 kuna nini cha maana hivyo. Nikamwambia kuna milinganyo ya kipeo cha pili, na kuna watu wameshachonga penseli.